Safari ya Oicha na lensi inayotaka usogee karibu

Ndugu msomaji, wewe unayekaa Kipushi, Likasi, Kolwezi au Kamituga, jambo hili unalijua vizuri. Mtu akiingia shimoni akitoka kwenye jua kali, dakika za kwanza haoni kitu. Anasimama, anangoja, macho yanajifungua pole pole, kiisha anaanza kuona ukuta, vyuma na nyuso za wenzake. Kamera nayo iko sawa na jicho lile. Kuna zile zinazojua kufungua sana, na kuna zile zisizoweza. Mwezi huu twende pamoja mpaka Oicha, katika Kivu ya Kaskazini. Nataka nikuonyeshe lensi moja inayofungua jicho sana, na somo iliyonipa ambalo halimo katika kijitabu chake.

BARABARANI

Ukitoka Butembo unafanya kilometa 54 mpaka Beni. Toka Beni unashika barabara ya taifa namba 4 kuelekea kaskazini. Unapita Mavivi penye uwanja wa ndege, unapita Mbau pahali njia ya Kamango inapoachana na hii kubwa, na kiisha kilometa kama 30 hivi uko Oicha. Ukiendelea mbele utakuta Eringeti, Komanda, mpaka Bunia. Oicha ndiyo makao makuu ya teritwari ya Beni. Kando ya njia utaona kakao imeanikwa juu ya shitingi, mbao zimepangwa zikingoja kamioni, na nyuma ya nyumba miti mirefu ya pori.

Asubuhi ile tulipoondoka Beni mbingu ilikuwa safi, na Ruwenzori ilionekana na theluji yake kichwani. Kilele chake kina meta 5,109. Nikamwomba motari asimame, nikatoa kamera na lensi yangu mpya, nikapiga. Kiisha nikamwonyesha foto kwenye kioo kidogo cha nyuma. Akaangalia, akaangalia tena, akaniuliza: «Papa, mulima iko wapi?»

Mlima ulikuwamo, lakini umekuwa sawa na kichuguu kando ya shamba. Barabara na majani yaliyokuwa mbele ya miguu yangu ndiyo yalijaza foto. Nilicheka, lakini nilikuwa nimepata somo la kwanza: lensi hii si ya vitu vilivyo mbali.

LENSI YENYEWE

Ni lensi gani hii? Ni zumu pana yenye tundu kubwa. Nitaeleza neno kwa neno.

Zumu ni lensi ambayo unazungusha pete yake, na foto inapanuka au inajikaza bila wewe kubadili lensi. Zumu ya kwanza ya kamera ya foto, iliyoitwa Zoomar, ilitoka mwaka 1959 kwa Voigtländer, kiwanda cha Ujerumani. Ilianzia milimeta 36 mpaka 82. Lakini haikuwa pana. Ilichukua miaka mingi kutengeneza zumu iliyo pana na yenye tundu kubwa pamoja. Mwaka 1989 Canon ilitoa moja ya milimeta 20 mpaka 35. Leo nyingi ni za milimeta 16 mpaka 35. Namba ikiwa ndogo, lensi inaona upana zaidi. Kwenye 16, ukisimama katika kona ya chumba, unachukua karibu chumba chote.

Tundu ni mlango wa mwangaza. Hapa vijana wengi wanachanganyikiwa, kwa sababu hesabu inakwenda kinyume: namba ndogo ni tundu kubwa. Zumu za bei ndogo mara nyingi zinaishia 5.6 ukizivuta mpaka mwisho. Zumu tunayoisema inakaa 2.8 pote, uipanue au uikaze. Toka 5.6 mpaka 2.8 mwangaza unaoingia ni mara nne. Maana yake, pahali ambapo lensi ndogo inahitaji sehemu ya 15 ya sekunde, hii inafanya kazi kwa sehemu ya 60. Kwa sehemu ya 15 mtoto akigeuza kichwa, uso unafutika. Kwa sehemu ya 60, akitulia kidogo, unampata.

Lakini ina bei yake. Ni nzito, nyingine zinafika karibu gramu 800 bila kamera, na fedha yake inaweza kununua kamera nyingine nzima. Mimi yangu nilinunua iliyokwisha kutumiwa, kiisha kuweka akiba miaka miwili.

MJI ULIOZOEA KUPOKEA

Oicha haikujulikana kwa kakao kwanza. Ilijulikana kwa hospitali. Mwaka 1934 daktari Carl Becker, Mwamerika wa misioni, alifika kukaa hapa wakati pori lilikuwa bado pande zote. Kazi ikakua kuliko walivyowaza. Wagonjwa wa ukoma walikuja kwa maelfu, na kijiji kizima kikajengwa kwa ajili yao. Kumbuka, msomaji, kwamba siku zile mtu wa ukoma alikuwa mtu wa kuangaliwa toka mbali. Hapa watu walimsogelea, wakamfunga vidonda kwa mikono. Mwaka 1964 vita vya uasi vilimlazimisha daktari kuondoka, lakini hospitali haikufa pamoja na safari yake.

Miaka ya sasa mji umepokea watu wa namna nyingine. Tangu Oktoba 2014 mauaji yameingia katika teritwari ya Beni, na jamaa nyingi zimekimbia vijiji na mashamba yao. Oicha yenyewe imeshambuliwa zaidi ya mara moja. Hata hivyo wenye nyumba walifungua milango. Utakuta nyumba ya vyumba viwili ina jamaa tatu ndani.

Katika nyumba moja ya namna hiyo ndipo lensi yangu ilipata kazi yake.

NDANI YA NYUMBA

Kijana mmoja mpiga foto wa Oicha ndiye aliyenipeleka. Yeye anaishi kwa foto za ndoa, za ubatizo na za diploma. Aliniambia kuna Mama mzee, aliyekimbia toka upande wa Eringeti, anayetaka foto ya jamaa yake yote. Walipokimbia hawakubeba foto hata moja. Foto ya ndoa yake, foto za watoto wakiwa wadogo, zote zilibaki ukutani.

Nikamwuliza: «Mbona wewe mwenyewe hujaipiga?»

Akasema: «Nilijaribu, Papa. Nilipiga na flashi. Mara moja tu. Mtoto mudogo alilia, akakimbia chini ya kitanda, akakataa kutoka. Mama akaniambia: acha.»

Nadhani umeelewa. Kwa mtoto aliyeona usiku moto wa bunduki, flashi si mwangaza wa kamera.

Tukaingia. Nyumba ya udongo, dirisha moja dogo, bati juu, na nje mvua inataka kunyesha. Watu kumi na mmoja. Kupigia foto nje walikataa. Njiani kuna wapita njia, na hawakutaka kila mtu ajue nani yuko hapa. Sasa fikiri, msomaji: giza, nafasi ndogo, watu wengi, bila flashi. Kwa lensi ya kawaida ningetoka mikono mitupu.

Sikutoa kamera kwanza. Tulikaa. Tulisalimiana mmoja mmoja, tukapewa chai. Mtoto yule akatuangalia kutoka nyuma ya nguo ya mama yake. Nikamwonyesha lensi, nikamwacha apige chapa ya vidole juu ya kioo chake, kitu ambacho siku nyingine kingenikasirisha. Nikamwambia: «Hii haina moto. Inafungua macho tu.»

Nikafungua mlango wote ili mwangaza uingie, nikakaa chini karibu na kizingiti, mgongo ukutani, zumu kwenye 18, tundu 2.8. Foto ya kwanza ilikuwa mbaya. Mama mzee alikaa pembeni kabisa, na lensi pana inavuta vitu vya pembeni. Kichwa chake kilirefuka sawa na papai. Wajukuu walicheka sana, yeye mwenyewe akacheka. Tukampeleka katikati, na pembeni tukaweka vijana wawili waliosimama wima, mbali kidogo na ukingo.

Kabla sijapiga tena, Mama akasema: «Ngoja. Leteni kiti.»

Wakaleta kiti kidogo cha mbao, kile cha kukalia jikoni. Kilikuwa cha mwanawe wa kwanza. Alikwenda shamba la kakao siku moja na hakurudi, na mwili wake haukuonekana. Alitaka kiti kiwe katika foto. Chumba kilikuwa kimejaa, na nafasi iliyobaki ilikuwa mbele tu, karibu na magoti yangu. Wakakiweka pale. Nikapiga mara sita.

KITI KILE

Nilichapisha foto Beni, na siku ya posho iliyofuata nikarudi Oicha. Njiani nilikuwa na wasiwasi. Juu ya nini? Lensi pana ina tabia hii: kilicho karibu inakikuza, kilicho mbali inakipunguza. Ndiyo ilivyofanya mlima kuwa kichuguu. Basi kiti kile kidogo, kwa kuwa kilikuwa mbele, kilitoka kikubwa kupita wote. Watu kumi na mmoja walikuwa nyuma yake, nyuso wazi, hata macho ya mtoto unayaona. Lakini jicho lako linaanguka kwanza juu ya kiti kisicho na mtu.

Mpiga foto mzoefu angesema ni kosa. Nikamwambia Mama: «Mama, unisamehe. Kiti kimekuwa kikubwa mno. Kama unataka, tunaweza kupiga upya, tukiweke nyuma.»

Alishika foto mikono miwili, akaipeleka mlangoni kwenye mwangaza. Alikaa kimya muda. Kiisha akasema: «Acha tu, Papa. Njo vile iko.»

Akaita mkwe wake, akamwonyesha. Mtoto yule naye akaja, akaweka kidole juu ya uso wake mwenyewe, akasema: «Ni mimi.»

Sikupiga foto nyingine siku ile.

KWA NINYI VIJANA MNAOPENDA KAMERA

Wengi mnasema: ningekuwa na lensi ya bei kubwa, nami ningepiga foto nzuri. Si uongo kabisa. Tundu la 2.8 lilifanya kazi ambayo la 5.6 halingefanya. Lakini sikieni mambo haya machache.

Kwanza, lensi pana haikuruhusu kuiba. Mwenye lensi ndefu anaweza kupiga mtu toka ng'ambo ya njia bila yeye kujua. Mwenye lensi pana lazima aende mpaka meta moja au mbili. Kwa hiyo lazima asalimie, aombe, akubaliwe. Ukiona aibu kusogea, foto yako itakuwa na udongo mwingi na watu wadogo wadogo.

Pili, angalia pembe zote nne kabla ya kubonyeza. Pale ndipo nyuso zinaharibika, na ndipo ndoo na kandambili za watu zinaingia bila kualikwa. Wazee waweke katikati.

Tatu, kwenye 2.8 si wote watakuwa wazi kama wamekaa safu nyingi na wewe uko karibu. Lenga jicho la mtu wa safu ya mbele. Kama mwangaza unaruhusu, funga kidogo mpaka 4.

Nne, usidharau simu yako. Lensi yake kubwa ya kawaida tayari ni pana, na tundu lake mara nyingi ni karibu 1.8. Ile nyingine, iliyoandikwa 0.5, inaona upana zaidi lakini mara nyingi inapokea mwangaza kidogo. Ndani ya nyumba tumia ile ya kawaida, weka mkono juu ya meza au mlango usitetemeke, na uzime flashi.

Tano, pahali pa vita usipige askari, baryeri wala daraja, na usionyeshe foto za waliokimbia kwa kila mtu. Foto ya Mama yule mimi sina ruhusa ya kuichapisha hapa, na ndiyo sababu ukurasa huu umekuja kwako bila picha.

Mwisho, msomaji mpendwa, siku ya yenga jamaa wakikusanyika kwako, usingoje harusi. Piga foto moja ya wote, ndani ya nyumba mnamokaa kweli, na masufuria yenu na viti vyenu. Ichapishe juu ya karatasi, kwa sababu simu huibiwa na simu hufa. Andika nyuma yake majina na mwaka. Kiisha toa nakala ya pili, uiweke kwa ndugu anayekaa mji mwingine. Mama wa Oicha ndiye aliyenifundisha hili la nakala ya pili. Moja iko ukutani pale Oicha. Nyingine aliniomba niipeleke Butembo kwa dada yake, nikaipeleka.