Chiniot, mji wa maseremala

Haya wadau, leo tuache kidogo habari za bumu kuchelewa na foleni ya kafeteria. Nawapeleka Chiniot, mji ulioko kando ya mto Chenab, mkoa wa Punjab, Pakistan. Ukitaja jina hilo kule, mtu anafikiria kitu kimoja tu: fanicha.

Mti wao mkubwa ni shisham. Wale wa botania mnaujua, ni ndugu kabisa wa mpingo wetu, wote ni Dalbergia. Fundi anachora nakshi juu ya ubao, halafu anachimba kwa patasi taratibu: maua, majani, nyota za pembe nyingi. Kuna kazi nyingine ndiyo iliyoniacha hoi. Anachimba vijifereji vyembamba, anagongomea waya wa shaba ndani, kisha anasugua mpaka ukipitisha kidole husikii mti unapoishia na shaba inapoanza. Mwezi wa Muharram ukifika unaiona kazi yao tena barabarani, kwenye tazia za mbao, ile mifano ya kaburi la Imam Hussein, ghorofa juu ya ghorofa, watu wamezibeba mabegani.

Na mji si wa jana. Saadullah Khan, waziri mkuu wa mfalme Shah Jahan (yule wa Taj Mahal), alikuwa mtu wa huko, na msikiti wa mawe aliojenga karne ya 17 upo mpaka leo. Baadaye wafanyabiashara wa Chiniot walitawanyika hadi Calcutta, wakarudi na hela za kujengea nyumbani.

Mmojawapo ni Omar Hayat. Mwaka 1923 alianza kujenga jumba ambalo lilichukua miaka zaidi ya kumi. Dari, madirisha, roshani, kote nakshi tupu. Akafariki 1935. Baada ya miaka michache mwanawe Gulzar akaoa, na siku iliyofuata harusi akakutwa amekufa, moshi wa makaa ulimmaliza. Mama yake naye hakukaa sana. Wote wawili wamezikwa humo humo ndani. Ndugu wakaliona jumba lina nuksi, wakahama. Ghorofa za juu zikaja kubomolewa, na chini pakafanywa maktaba.

Jamani, hebu fikirieni. Mwenye hela hakulifaidi, mwanawe akafa mara tu baada ya harusi. Lakini ule ujuzi uliochonga dari yake bado unaishi kwenye karakana za mji, kwa sababu kila ustadhi alimkalisha kijana pembeni yake mpaka mkono ukazoea. Haukuandikwa kwenye notsi. Kijana mmoja akikataa kukaa, kipande kinapotea, na hakuna maktaba ya kukirudisha.

Siku hizi mashine za kompyuta nazo zinachonga kule, haraka na kwa bei nafuu. Simlaumu kijana atakayeona patasi hailipi, maana hata sisi hapa tunasoma tukiwaza ajira. Ila sisi tukidisko, vitabu vinabaki. Fundi akiondoka bila mwanafunzi, je, kinabaki nini?

Haya, nina tesiti saa mbili asubuhi. Usiku mwema.