Barua Iliyokataliwa Mlangoni

Chama chetu cha walimu wastaafu kina seva yake yenyewe ya barua pepe. Wanachama hawakutaka majina yao, nambari za simu na habari za maradhi yao zikae katika makabati ya kampuni ya ng'ambo. Mimi niliafiki uamuzi huo na hata leo naafiki. Mjukuu wangu ndiye aliyeisimika, kwa programu ya Postfix, ambayo Wietse Venema aliibuni na ikatolewa kwa umma mwaka 1998. Wenye maarifa wanatuambia tunajitafutia kazi. Huenda.

Kazi yenyewe ilikuja kwa njia ya msiba. Mwenzetu mmoja, niliyefundisha naye chuo cha ualimu kwa miaka mingi, alifiwa na mkewe. Chama kikamwandikia rambirambi, kisha kikamwarifu juu ya mchango wake. Hakujibu. Miezi miwili ikapita, yeye ametununia kwa kuwa tumemtupa, na sisi tukinong'ona kwamba hata ahsante imemshinda. Kumbe barua zote mbili hazikumfikia.

Mjukuu wangu alitaka kuanza kubadili mipangilio papo hapo. "Babu, ngoja nijaribu hiki, kisha kile."

"Subiri, mjukuu wangu," nikamwambia. "Kazi ya mwanafunzi hujaisoma, kalamu nyekundu ya nini?"

Seva huandika kila ilitendalo katika daftari la matukio, na humo ndimo tulimoanzia. Kanuni za mazungumzo ya seva mbili ziliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, nazo zina adabu ya kupendeza: mgeni hubisha hodi katika mlango nambari 25, hujitaja jina, husema barua inatoka kwa nani na inakwenda kwa nani, ndipo hukabidhi mzigo. Kila hatua mwenyeji hujibu kwa tarakimu tatu. Ikianza 2, amekubali. Ikianza 4, anasema rudi baadaye, na seva yetu huiweka barua katika foleni na kujaribu tena hadi siku tano. Ikianza 5, amekataa katakata.

Barua za mwenzetu zilikuwa na 550. Taarifa za kukataliwa zilirudi katika sanduku la mfumo ambalo hakuna mtu aliyepangiwa kulifungua.

Nilichapa ukurasa ule wa daftari, wenye tarehe na saa, nikapanda basi kwenda kwake. Alivaa miwani akausoma mara mbili. "Kwa hiyo mliandika," akasema, akaniita ndani.

Urafiki ulipona siku hiyo, lakini seva bado. Maelezo yaliyofuata ile 550 yalisema nambari yetu haina jina. Jina letu lilielekeza kwenye nambari, ila nambari haikuelekeza kwenye jina, na rekodi hiyo ya kinyume huwekwa na mwenye nambari, yaani kampuni iliyotupangisha seva. Tukawaandikia, wakaiweka. Tukajaribu tena: 550, na safari hii kwa sababu nyingine. Nambari yetu imo katika orodha nyeusi ya watuma barua taka.

Hapo nilikasirika kweli. Sisi wazee hatujawahi kutuma taka yoyote! Mjukuu akanieleza kwamba nambari hizi hupangishwa kama vyumba, na mpangaji aliyetutangulia ndiye aliyechafua. Katika ualimu nimewaona watoto wakiingia darasani wamekwisha hukumiwa, kwa sababu kaka yao alipita pale miaka mitatu nyuma akavunja madirisha. Sikuipenda desturi hiyo kwa watoto, wala siipendi kwa nambari, ingawa naelewa kwamba mlinzi wa mlango anayepokea mamilioni ya barua hana muda wa kumjua kila mgeni. Tuliomba kuondolewa, tukaondolewa.

Yaliyosalia yalikuwa mepesi kidogo. SPF ni tangazo la hadhara la seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina letu. DKIM ni mhuri wa siri unaothibitisha kwamba barua haikuchakachuliwa njiani. DMARC humwambia mpokeaji afanye nini vitu hivyo visipolingana. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huwadai yote matatu wanaotuma kwa wingi, na hata mtumaji mdogo kama sisi anatakiwa awe na angalau kimojawapo cha viwili vya kwanza. Tuliviweka vyote.

Hata hivyo 250 nayo ina ujanja wake. Maana yake ni kwamba seva ya mpokeaji imepokea dhamana ya barua, basi. Inaweza kuitia katika kasha la taka, na daftari letu lisijue. Kwa hiyo niliwapigia simu wanachama, mmoja mmoja, wafungue kasha hilo. Saba walikuta barua zetu humo, wakazitoa na kutia alama kwamba si taka.

Siku hizi zamu ya kusoma daftari kila Jumatatu ni yangu. Wiki iliyopita nilikuta 452 nne, zote za mwanachama mmoja ambaye sanduku lake limejaa. Nimempigia simu. Anasema anafuta, lakini picha za wajukuu hataki kuzigusa.