Rangi Juu ya Mpira Unaovuja



Vumbi la Kakanda halikihurumii chombo chochote cha moto. Ndiyo maana garaji zetu hazikosi kazi, na baadhi yenu mnajifunza humo. Wapo wateja wapendao etriye za breki zao zipakwe rangi nyekundu au ya manjano, zionekane zikimetameta nyuma ya rimu. Uzuri si dhambi.

Etriye ni kile chuma kinachoikumbatia diski ya gurudumu. Dereva akanyagapo breki, mafuta huisukuma pistoni, nayo pistoni huzibana plaketi juu ya diski. Fundi mwaminifu huifungua etriye, huisugua kutu kwa brashi ya waya na msasa, huiondolea grisi yote, huufunika mpira wa pistoni na kila sehemu inayoteleza. Ndipo hupaka rangi inayostahimili joto, tabaka jembamba baada ya tabaka, akingoja kila moja likauke. Rangi huja mwisho.

Kijana mmoja wa kikundi chetu alinijia akiwa na fadhaa. Mteja aliyetaka kuliuza gari lake alimwagiza apake rangi tu, asiuguse mpira uliochoka uliokuwa ukivujisha mafuta. Mnunuzi, alisema, ataiona rangi, mpira hatauona. Malipo yale yangetosha karo ya mdogo wake. Nilimwuliza swali moja: siku breki itakapokataa, ni nani watakaokuwa ndani ya gari hilo? Alinyamaza kwa muda mrefu. Kesho yake alimweleza mteja kwamba atabadilisha mpira kwanza, la sivyo hataipokea kazi. Mteja aliondoka na gari lake. Karo ikachelewa, na mdogo wake akakaa nyumbani majuma mawili. Sitawaficha jambo hilo, kwa maana uaminifu una gharama, na mara nyingine gharama hiyo hulipwa na nyumba nzima.

Hata hivyo, mafuta ya breki yana tabia moja: huila rangi. Yanapovuja, rangi hulainika na kubanduka, na kilichofichwa hujitokeza. Lakini huenda kikajitokeza mteremkoni.

Mwenyeheri Floribert Bwana Chui alikuwa mlei kijana, mkaguzi wa bidhaa mjini Goma. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiwafikie watu, akauawa mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 26. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025. Yeye pia aliwafikiria watu asiowajua, ambao wangekula chakula kile.

Maswali ya kutafakari kikundini: Katika kazi au masomo yangu, ni wapi ninapoombwa kupaka rangi bila kutengeneza? Na mwenzetu anapopoteza malipo kwa kukataa udanganyifu, je, kikundi chetu kimemsaidiaje kuubeba mzigo huo?