Kelele Tuliyotaka Kuifunika

Leo tunawaletea habari ya gari kuukuu.

Hapa Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, Papa mmoja wa mtaani kwetu ana Land Rover Series III. Gari za aina hiyo zilitengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985, kwa hiyo limetuzidi umri sote. Bodi ni bati la alumini, na ndani hakuna kapeti wala kitu cha kumeza sauti. Likiwashwa, ni kama umekaa ndani ya debe linalopigwa. Lakini usiku mtu akizidiwa, ndilo tunalokimbilia, na sisi wanne wa kujitolea tunapokezana kusindikiza wagonjwa.

Usiku mmoja tulikuwa tunampeleka Mbarara mama mwenye uchungu wa kuzaa. Papa alikuwa usukani, sisi pembeni yake, mama na mdogo wake nyuma ya kizuizi cha bati. Mama aliita tusimame. Hatukusikia. Mdogo wake akagonga bati, tukadhani ni mawe ya barabarani. Tulipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa, yuko mikononi mwa mama yake mdogo. Tunamshukuru Mungu, wote walikuwa wazima. Ila yule dada alishuka ameshika kichwa, akatutazama, akasema, "Tuliwaita."

Basi kesho yake tukaamua kuimaliza ile kelele. Tulikusanya sponji za magodoro mazee tubandike kila mahali. Papa akatuzuia. "Watoto wangu, hii kelele inatokea wapi? Mmeitafuta?"

Kwa kweli hatukuwa tumeitafuta.

Giza lilipoingia tukaweka taa chini ya gari, mmoja wetu akajifungia ndani. Palipopenya mwanga, sauti nayo inapenya. Tulihesabu matundu 11: kwenye sakafu, kuzunguka pedali, na kwenye bati linalotenga injini na watu, pale nyaya zinapopita. Raba za milango nazo zilikuwa zimekauka.

Asubuhi, nje kwenye hewa, tukawasha injini ikiwa bado baridi na kubana kidogo mdomo wa bomba la moshi kwa kitambaa kilicholowa. Moshi ukatafuta njia nyingine, tukasikia sss, sss. Gasketi ya maungio ilikuwa imekwisha, na karibu na sailensa kulikuwa na tundu la kutu. Tena mwisho wa bomba ulikuwa umekatika zamani, moshi unatokea chini ya sakafu ya nyuma. Chini ya yale matundu.

Hapo tulinyamaza. Yule dada alishika kichwa, tukadhani ni uchovu. Wagonjwa wengine walitapika njiani, tukasema ni barabara. Harufu ya moshi tulishaizoea. Kumbe ndani ya moshi wa gari mna kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inaleta maumivu ya kichwa, kichefuchefu, usingizi, na ikizidi inaua. Tungebandika sponji, labda sauti ingepungua kidogo, na sumu ingeendelea kuingia. Kelele ndiyo ilikuwa inatuambia.

Fundi wa kuchomelea akaziba tundu na kurefusha bomba mpaka litoke nje kabisa ya bodi. Gasketi tulinunua mpya.

Ukabaki mvumo, ule wa "uuum" unaojaa masikioni tukifika kilomita 50 kwa saa, ukipunguza au ukiongeza mwendo unapotea. Tulikuta raba moja ya kuning'inizia bomba imekatika na mtu amefunga waya badala yake. Waya unabeba mtikisiko wa bomba moja kwa moja hadi kwenye fremu, na kwa mwendo ule bati lote linatetemeka kama ngozi ya ngoma. Tulikata raba mpya kutoka tairi bovu. Hatukulipa hata shilingi.

Baada ya kuziba matundu yote ndipo tukafunika. Sakafuni tulitandika zile blanketi za kijivu za mgao, zilizochakaa, na juu yake mpira mzito wa lori. Bati kubwa si lazima ulifunike lote. Kipande cha mpira kilichogandishwa vizuri katikati, panapotetemeka zaidi, kinalituliza. Karibu na bomba la moshi hatukuweka blanketi wala sponji, maana vinashika moto.

Gari halijawa kimya. Giaboksi bado inalia, na tairi pia. Lakini wiki iliyopita mzee mmoja mgonjwa alisema kutoka nyuma, kwa sauti yake ndogo, "Watoto, maji." Tulisimama, tukampa.

Sisi wenyewe huwa tunafunika. Mtu akilalamika sana kwenye mkutano wetu tunamwambia avumilie, na tukimaliza hapo tunasema kikao kilikwenda vizuri. Siku hizi tunajaribu kumuuliza kwanza inatokea wapi.

Mwenye gari la zamani linalovuma, atutafute Jumamosi. Sisi tutakuja na taa, yeye alete kitambaa.