Nyumba Isiyo na Mlango

Mapema mwaka wa 2008, nyumba yetu ilipokwisha kuteketezwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi, tulipata hifadhi katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Ndugu yangu mdogo, mtoto wa miaka 6, alikuwa amefunga kinywa. Mama alimbembeleza, mimi nilimkemea, nikidhani ni ukaidi.

Adrian Hill, mchoraji wa Uingereza aliyejiliwaza kwa kuchora alipokuwa akiugua kifua kikuu, ndiye aliyeipa tiba ya sanaa jina lake mwaka wa 1942. Sisi kambini hatukulijua jina hilo. Mhudumu mmoja wa kujitolea alimpa mtoto karatasi na kalamu za rangi, asimwulize neno. Wapo wadhanio kwamba tiba hii yahitaji kipaji. Michoro ya ndugu yangu, kusema kweli, ilikuwa mibaya. Kila siku nyumba ile ile, nyekundu, isiyo na mlango.

Juma la pili akachora mlango, na nyuma ya mlango, mtetea.

“Alibaki ndani,” akasema.

Ndimi niliyemfungia jioni ile. Nilichukua kalamu nyeusi, nikaketi kando yake.