Mstari Uliohamia Nyumbani

Nilipokuwa mtoto Uvira, miaka ya 1980, kwenye dispanseri ya mtaa wetu hawakupanga mstari watu, zilipanga kaye, yaani daftari. Ukifika unaweka kaye yako ya matibabu chini, nyuma ya ile iliyotangulia, unaikandamiza kwa kijiwe ili upepo wa ziwa usiichukue, kisha unakwenda kukaa chini ya mwembe. Jua linapochomoza upande wa Burundi, kaye zilikuwa zimeshafika njiani. Infirmye, yaani muuguzi, akija aliziokota zote kwa mpangilio uleule, na kuanzia hapo kazi yako ilikuwa kutega sikio.

Tulingoja sana, sitaki kuwadanganya vijana. Kwanza kilo na kipimajoto, halafu infirmye, halafu kuchomwa kidole kwa ajili ya gute epesi, kipimo cha malaria. Damu hiyo ilingoja kwenye kioo mpaka mtu mmoja tu wa labo aisome kwa darubini yake. Ukishapata jibu unarudi kwa infirmye akuandikie ordonansi, unakwenda dirisha la dawa, na kila hatua ina mstari wake. Mwenye malaria aliyefika alfajiri aliondoka jua likianza kuegemea milima ya Mitumba, na kwetu huko jua halichelewi kuzama. Lakini sikumbuki mtu aliyelalamika kwa uchungu. Chini ya mwembe ule ndipo mama zetu walipopata bei ya ndagala, habari za Kalundu bandarini, nani ameposa wapi. Na sheria moja ilijulikana na wote: mtoto wa degedege haulizwi kaye. Mama alipita mbio, "Nipisheni, ndugu zangu," na watu walipisha.

Ile ilikuwa enzi ya fahari. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa siku hizo, ilikuwa imejigawa katika zona za afya 306, kila moja na hospitali yake ya rufaa na vituo chini yake, na nchi nyingine zilikuja kutazama. Kisha mambo yakaporomoka. Ubelgiji ilisitisha ushirikiano wake mwaka 1990, pesa ya zaire ikawa inapoteza thamani kabla hujaifungua mfukoni, mishahara ya serikali ikawa hadithi. Infirmye naye ana watoto. Akaanza kuishi kwa kile anacholipa mgonjwa, na sina moyo wa kumlaumu.

Hapo ndipo kaye zilipopungua mlangoni. Mgeni angepita asubuhi, angeona vijiwe vichache, angesema wananchi wa hapa wamepona. Shangazi yangu alikuwa miongoni mwa hao "waliopona". Homa ilimshika, akalala ndani akingoja mume arudi ziwani, samaki wauzwe, mwenye deni alipe. Walimnywesha majani, wakamnunulia vidonge viwili vitatu vya rejareja sokoni. Alipopelekwa dispanseri hakungoja hata kidogo, alipokelewa papo hapo, kwa sababu benchi lilikuwa tupu na yeye alikuwa hawezi tena kukaa. Alitiwa seromu ya kinini akaamka, Mungu ni mkubwa. Baadaye tulizuiliwa kumtoa mpaka deni liishe, na vitenge vyake viwili vilibaki rehani.

Tangu siku zile nimejifunza kusoma mstari wa wagonjwa kinyume na wanavyousoma wengi. Wakimbizi wa Burundi walipomiminika kwetu baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, na tena katika miaka iliyofuata vita vya 1996 na 1998, mashirika yalifungua matibabu ya bure hapa na pale. Kila walipotangaza bure, mstari ulifika barabarani kesho yake. Je, magonjwa yaliongezeka usiku mmoja? Ni watu waliotoka ndani. Mkataba wa shirika ulipokwisha, mstari ulikwisha nao, na wakubwa wakaandika kwamba msongamano umepungua.

Ugonjwa mmoja tu haukuwahi kukubali kungoja huku. Kipindupindu kimekaa na sisi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na mgonjwa wake anaweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja. Akicheleweshwa anakufa siku hiyohiyo. Akipata maji mwilini mapema, karibu wote wanapona. Ndiyo maana pale Hospitali Kuu ya Rufaa kipo kituo chake peke yake, na mwenye kipindupindu anapita moja kwa moja, anapimwa kwa macho na vidole vya muuguzi, anapewa kitanda chenye tundu na ndoo chini yake. Mstari wake yeye uko kwingine: bombani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofuata takwimu za Uvira tangu 2009, ulionyesha kwamba bomba la Regideso, shirika la maji, likikauka, wanaolazwa kwa dalili za kipindupindu wanaongezeka katika siku 12 zinazofuata. Mama zetu walishasema hivyo wakiwa wamepanga bidoni za njano robineni tangu usiku, wakitazama ziwa lililojaa maji ambayo si ya kunywa.

Leo, ukishaingia mlangoni, mambo yanakwenda haraka. Kipimo cha malaria cha tone moja la damu kinajibu kwa robo saa au dakika ishirini, hakuna tena kioo kinachongoja darubini. Motari anamleta mgonjwa kutoka Kavimvira kabla hajapoa jasho, na infirmye ana simu. Mwembe ulikatwa. Lakini nenda farmasi yoyote ya njia kuu, uone wanaonunua nusu dozi kupitia dirishani, bila kupimwa, wakisema wataangalia kesho. Hao ndio waliokuwa na kaye chini ya kijiwe.

Kwa hiyo nawaomba wanaokuja na saa na fomu kupima muda wa kungoja katika vituo vyetu: msianze kuhesabu mgonjwa anapokaa kwenye benchi. Muulizeni kwanza homa ilianza siku gani, na pesa ilipatikana siku gani. Andikeni hizo siku zilizo katikati.