Mizani Saba

Wapenzi wa lugha, mtaniwia radhi nikianza na hesabu. Diwani yangu niliichapisha kwa fedha za kiinua mgongo, nakala 300. Siku nilipopanda basi kutoka Morogoro kwenda Dar es Salaam, kwenye kongamano la waandishi wanaojichapishia vitabu, nakala 217 zilikuwa bado uvunguni mwa kitanda changu.

Asubuhi tulielezwa namna ya kuomba ISBN kwenye Bodi ya Huduma za Maktaba, na namna wauza vitabu wanavyochukua kazi zetu kwa mali kauli, kisha wakaisahau kauli. Tulicheka sana, maana kila mmoja alikuwa na wake anayemdai.

Wakati wa chai alinijia mama mmoja. "Shikamoo, Mwalimu." Nilimfundisha kidato cha tatu, leo ni mhariri. Diwani yangu ilikuwa mkononi mwake, ameinunua kwa bei kamili. Akanivuta pembeni, akafungua ukurasa wa 31, akaanza kuhesabu kwa vidole kama nilivyomfundisha:

"Mlango nimeufunga, na funguo ninao."

Ukwapi ulitimia mizani nane. Utao ukaishia saba. Kwenye mswada niliandika "na ufunguo ninao". Herufi u ilidondoka wakati wa kupiga chapa, na kompyuta haikunionya, maana neno funguo nalo lipo. Lakini funguo ni wingi, na wingi ungetaka ninazo. Basi mshororo mmoja ulipoteza mizani na upatanisho wa kisarufi kwa pamoja, tena katika kitabu cha mtu aliyekata alama za watoto wa watu kwa makosa hayo hayo kwa miaka 34.

"Nani alikihariri, Mwalimu?"

Nikamjibu kuwa ni mimi mwenyewe. Nilitaka kuongeza kwamba gharama ya mhariri ilinishinda, nikanyamaza. Sikuwahi hata kuiulizia. Nani angenisahihisha mimi?

Hakusema neno. Alinipa kalamu nitie saini, nami kabla ya saini nikaichomeka ile u mahali pake.

Nimezitoa zote uvunguni. Mpaka usiku huu nimesahihisha nakala 90 kwa wino mwekundu, ukurasa wa 31 tu. Zile 83 zilizouzwa zamani sina la kuzifanya. Kurasa nyingine nimempelekea yeye, na safari hii nimemwuliza bei yake.